Rangi ya Chini ya Bashi

Kitu cha kwanza Bénita alichokiona ni fufu. Aliisonga mwenyewe, fufu ya muhogo, nyeupe kama pamba, akaipakua kwenye sahani pamoja na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, akaibeba kutoka jikoni kumpelekea baba yake karakanani. Jikoni ilikuwa nyeupe. Uani ilikuwa nyeupe. Alipoinua pazia la bashi, lile turubai la plastiki, na kuingia, ikageuka ya mahindi ya manjano.

Akarudi nyuma hatua moja. Nyeupe. Akaingia. Manjano. Akatoka tena, akaingia tena, sahani mkononi, mpaka baba yake akapiga kelele kutoka ndani.

"Bénita! Hiyo fufu unaitembeza?"

"Hapana, Papa."

"Basi ilete. Tumbo yangu haiko na saa."

Akaiweka mezani. Papa Namegabe akanawa, akamega, akala. Bénita alisimama pembeni akamtazama. Ndevu za baba yake, ambazo uani zilikuwa za mvi, humu ndani zilikuwa kama zimechovywa kwenye mawese.

"Papa, iyi fufu..."

"Iko na nini? Imekosa chumvi?"

"Hapana. Iko muzuri."

"Sasa unaisemea nini?"

Bénita akaokota sufuria ya maji ya kunawa, akatoka.

Papa Namegabe alikuwa mtu wa kusaga mawe. Alitoka upande wa Bukavu akiwa kijana, akafika mtaa wa Keshero, akaona Goma nzima imekaa juu ya mawe ambayo hakuna aliyeyataka. Yeye akayataka. Kwa miaka kumi na tano alinunua mawe mekundu kutoka vilima vya upande wa Lac Vert, akayasaga, akayachekecha, akauza unga wa rangi kwa mafundi wa sakafu. Katika nusu ya sebule za mtaa huo watu wanakanyaga wekundu wake. Alikuwa na rangi tatu: nyekundu, nyeusi, na manjano moja iliyomshinda ambayo aliiita ya kisasa.

Mwaka huu akaamua kupanua kazi. Sakafu peke yake, alisema, ni kazi ya mtu anayetazama chini. Atatengeneza rangi ya plastiki, punje za kuyeyushwa pamoja na plastiki ya beseni na viti, na rangi ya kupaka milango ya chuma. Kabla mashine haijafika, kibao kilikwisha kuandikwa na kutundikwa barabarani: MAISON NAMEGABE, RANGI YA SIMA, YA PLASTIKI, YA MULANGO NA YA KILA KITU. Mkewe, Mama Bénita, alikisoma mara mbili, akauliza kama "kila kitu" ni pamoja na paa lao lenye kutu.

Mashine ilipofika, fundi aliyeileta alisema neno moja tu la maana: rangi ya plastiki haipendi vumbi. Sasa, Goma ni vumbi lililowekwa watu wachache. Papa Namegabe akaona dawa ni moja. Karakana, ambayo siku zote ilikuwa nguzo nne na mabati bila kuta, akaivua mabati, akaizungushia bashi ya plastiki juu, chini na pande zote, kama mtu anayefunga chikwange, mkate wa muhogo, kwa majani. Vumbi lisiingie, na majirani wasichungulie siri ya kazi. Bashi ya rangi ya machungwa ilikuwa bei ya chini kuliko zote. Akanunua roli nzima.

Mle ndani, katikati, ilikuwepo meza ya kuchanganya. Kwa miaka sita meza hiyo ilikuwa ya Bénita, ingawa hakuna aliyewahi kulitangaza. Baba alisaga, yeye akachanganya. Angepelekwa kuona sakafu ya mtu mara moja, angerudi nyumbani bila kusema neno, na jioni rangi ileile ingekuwa kwenye ndoo. Hakuwa na mizani wala kitabu. Shule aliiacha mwaka wa nne, na mbele ya wageni sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu walimjibu, "Ee, asante," hata alipowauliza wanataka nini.

Kisha akaletwa Prodige.

*

Prodige alikuwa mtoto wa dada yake Papa Namegabe. Alisoma kemia Bukavu mpaka akapewa diploma, na alikuja na koti jeupe na kitabu cha rangi. Kila ukurasa wa kitabu kile ulikuwa na vipande vidogo vya rangi, na kila kipande kilikuwa na namba, na nyuma ya kitabu kila namba ilikuwa na mchanganyo wake: poda hii gramu kadhaa, poda ile gramu kadhaa. Poda zenyewe zilikuja ndani ya mifuko iliyoshonwa, zimeandikwa namba vilevile.

"Muyomba," alimwambia Papa Namegabe siku ya kwanza, "mambo ya kuangalia kwa jicho imekwisha. Jicho iko na uchovu, iko na usingizi. Namba haisinziake."

"Umesikia, Bénita?" akasema baba. "Namba haisinziake."

Bénita alisikia. Alikuwa anafuta meza.

"Dada, ulifikaka ya ngapi?" Prodige akamuuliza, si kwa ubaya.

"Ya ine."

"Ya ine! Sasa angalia, iyi ni numero 217. Kule ya ine munahesabiaka mupaka wapi?"

Baba akacheka. Prodige akacheka. Bénita naye akacheka kidogo kwa adabu, kisha akachukua vichekecho akaenda kuviosha. Tangu siku hiyo vichekecho vikawa kazi yake, na havikuwahi kuwa safi namna ile.

Neno zito zaidi baba yake alimwambia wakati wa kula, bila kumtazama. Mama Léocadie, mtengenezaji wa beseni, anakuja na kazi kubwa ya kwanza ya plastiki. Kazi hiyo ikitoka vizuri, Prodige anabaki na meza moja kwa moja, na Bénita anakwenda mji wa Kiwanja kwa shangazi Victoire kuuza maharage sokoni.

"Shangazi yako njo alikuomba," akasema. "Anasema kule utajifunza kusema. Katika soko ya Kiwanja mutu wa haya anakufaka na njaa."

"Ndiyo, Papa," akasema Bénita.

Usiku ule, na mingine iliyofuata, alilala akichanganya rangi kichwani.

*

Mama Léocadie alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye kiwanda kidogo hapo Goma cha kuyeyusha plastiki kuukuu na kuifinyanga iwe beseni. Aliingia uani siku ya mvua, mwavuli mkononi, na chini ya kwapa alikuwa na kipande cha kitenge.

"Papa Namegabe, sikia. Jubile ya mamans ya parokia. Miaka hamsini. Tuko mamans mia moja na makumi mbili, wote pagne moja, iyi hapa, bulu ya Bikira Maria. Siku ya matoleo, kila maman anacheza mupaka mbele na beseni yake juu ya kichwa. Ndani, kila mutu anaweka chake: maharage, tomate, kuku. Nataka beseni na pagne vikuwe rangi moja. Si karibu moja. Moja!"

"Mama, hii ni maison, nyumba ya siyansi sasa," akasema Papa Namegabe, akamwonyesha koti jeupe la Prodige kama anayeonyesha picha ya harusi.

Prodige alikichukua kile kitenge ndani ya bashi, akafungua kitabu chake, akapitisha kipande kwa kipande mpaka akapata kinachofanana. 217. Akarudia mara tatu. Ni 217. Akayeyusha poda na plastiki kidogo kwenye mashine, akafinyanga kipande cha mfano kikubwa kama sahani ya chai, akamwita Mama Léocadie aje atazame.

"Nikitazame inje, kwenye mwangaza," akasema mama yule.

"Inje kuna mvua," akasema Papa Namegabe. "Na kuna majirani."

"Tena mama," Prodige akaongeza, "jua inadanganyaka rangi. Asubui iko hivi, magaribi iko hivi. Humu chini ya bashi njo rangi inasemaka ukweli."

Mama Léocadie akakiweka kipande juu ya kitenge. Akainama, akainuka, akavua miwani, akaivaa.

"Yesu! Sikioni! Kiko wapi? Kimepotea ndani ya pagne!"

Papa Namegabe akapiga makofi. Prodige akakunja mikono mbele ya koti lake. Bénita alikuwa mlangoni na vichekecho vyake. Aliona kitenge kikiwa na rangi ya maji machafu, na kile kipande kikiwa na rangi ya maji machafu yaleyale. Akakumbuka sahani ya fufu. Neno likampanda kifuani, likapita kooni, likafika kwenye meno.

"Mama, inje..." akasema.

"Inje kunanyesha, mutoto wangu," akajibu Mama Léocadie kwa upole. "Usitoke, utashikwa na mafua."

Neno likakaa palepale kwenye meno. Bénita akarudi kwenye beseni lake la kuoshea. Baada ya kitambo, Mama Bénita akatoa kichwa jikoni akauliza ni nani anayeimba. Alikuwa ni Bénita.

*

Punje za rangi zilipelekwa kiwandani kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, mifuko minane, ikiwa imefungwa vizuri. Mama Léocadie mwenyewe alikwenda Rutshuru kutafuta maharage ya sikukuu, na wafanyakazi wake aliwaachia amri moja: wafinyange, wasiulize maswali. Walifinyanga. Hawakuuliza maswali.

Alhamisi asubuhi alirudi. Kabla ya saa tatu alikuwa Keshero, katikati ya barabara, beseni kichwani, kitenge begani, na nyuma yake watoto, waendesha pikipiki wawili na mwuza mandazi.

"Namegabe! Toka!"

Papa Namegabe akatoka na kijiko mkononi.

"Hii ni rangi gani?" Akaliteremsha beseni.

Lilikuwa la kijani. Si kijani cha bendera wala cha ndizi mbichi. Ilikuwa rangi ya sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa juzi.

"Aa, mama," akasema Papa Namegabe, "hii si ya kwetu."

"Mifuko yako! Jina yako juu yake!"

"Tuingie ndani," akasema Prodige, akivaa koti haraka. "Tuangalie kwa siyansi."

Wakaingia. Beseni likawekwa juu ya kitenge.

"Ni moja," akasema Papa Namegabe.

"Ni moja," akasema Mama Léocadie. Akatoka nalo. Kijani! Akaingia nalo. Moja. Akatoka.

"Inarudia sombe!" akapiga kelele mwuza mandazi.

Sasa ikawa mchezo wa mtaa. Kila aliyefika alitaka kuingia na beseni na kutoka nalo. Mwendesha pikipiki mmoja aliingia kinyumenyume ili alishtukize. Mama mmoja mzee alijifanyia ishara ya msalaba, akasema beseni limerogwa na wauza beseni wa Uchina. Prodige alifungua ukurasa wa 217 uani kwa mara ya kwanza, akaufunga upesi, akaufungua tena, kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani mwake.

"Namba ni ileile," akasema. "Namba haikubadilika."

"Namegabe," akasema Mama Léocadie, akaketi juu ya ndoo. "Beseni mia moja na makumi mbili. Siku ya Mungu imebakia siku tatu tu. Mamans watacheza mbele ya Abbé, padri wetu, na sombe juu ya kichwa. Nitasema kwa kila mutu ni nani alifanya. Nitasema mupaka Butembo. Hakuna mutu atanunua tena kwako hata rangi ya kaburi."

Papa Namegabe akatazama kibao chake barabarani. Kisha uso wake ukang'aa.

"Nimepata! Si ndani ya bashi iko muzuri?"

"Ee?"

"Basi tufunike parokia na bashi!"

Na Mama Léocadie, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara na alikuwa ameshikwa pabaya, akauliza, "Imebakia mita ngapi?"

"Ni bashi," ikasema sauti ndogo.

"Ndiyo, tunasema juu ya bashi. Nani anasema?"

Alikuwa Bénita. Watu wote walimgeukia, na uso ukamwaka moto. Akaona hata asubuhi nzima haitamtosha kuwaeleza mbele ya macho yote yale. Basi akaingia jikoni kwa mama yake, akatoka na kisu cha kumenyea viazi, akapita katikati yao, akaingia karakanani, akapanda juu ya meza na kupasua paa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Bashi yangu!" akalia Papa Namegabe.

Jua likaanguka juu ya meza. Kitenge kikawa buluu. Beseni likawa sombe. Na koti la Prodige, kwa mara ya kwanza tangu lianze kazi humo ndani, likaonekana lina madoa ya mchuzi.

Kisha Mama Bénita, aliyekuwa amekuja kufuata kisu chake, akacheka mpaka akashika nguzo.

*

Wakati wa kugombana haukuwepo. Kuyeyusha upya hakukuwezekana, sombe haigeuki kuwa mbingu. Bénita akasema, safari hii kwa sauti inayosikika hatua mbili, kwamba kuna rangi ya milango.

"Rangi ya mulango haishikake kwenye plastiki," akasema Prodige. Na hapo alisema kweli.

"Haishikake kwenye plastiki ya kuteleza," akasema Bénita. "Tuikwangue kwanza na muchanga mweusi, ile ya volkano. Ikuwe na makwaruzo."

Prodige akafikiri. Akavua koti lake, akalitundika. "Inaweza," akasema. "Hata kwa siyansi inaweza."

Meza ikatolewa nje. Bénita akachanganya juani, buluu kidogo, nyeupe nyingi, tone la nyeusi, na baba yake akasimama mbele yake akishika kitenge kwa mikono miwili kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kila alipotaka kukuna pua, Bénita alisema, "Papa, usitikisike," na yeye hakutikisika. Mama Léocadie akaita mamans. Wakaja thelathini, wakakaa chini uani, wakakwangua beseni kwa mchanga, wakiimba na kusengenya. Prodige akapaka, kwa kweli alipaka vizuri sana. Ijumaa yote na Jumamosi yote beseni zilikauka juu ya mawe ya lava mtaa mzima, na watu wa Keshero walipita kwa kuruka.

Jumapili mamans waliingia wakicheza. Waliokaa viti vya nyuma kanisani wanasema hawakuona beseni hata moja. Waliona vilemba vya buluu, na juu ya vilemba nyanya zimekaa juu ya buluu, maharage juu ya buluu, kuku juu ya buluu, kila kitu kikija mbele kwa madaha kama kilichobebwa na mbingu yenyewe. Aibu ilikuwa moja tu. Beseni la mwisho lilichelewa kupakwa, na kuku aliyekuwa ndani yake alitolewa akiwa na miguu ya buluu mpaka magotini. Abbé akampokea kwa mikono miwili, akatazama mikono yake, akaendelea na ibada.

*

Mchana, Mama Léocadie alifika kwa Papa Namegabe akiwa bado ndani ya pagne ya sikukuu. Alileta soda, na oda ya rangi ya viti mia tatu, vyekundu, kwa ajili ya mtu wa ukumbi wa harusi. Wote walikaa uani: Papa Namegabe, Mama Bénita, Prodige, na Bénita kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni.

"Lakini iyi mutoto," akasema Mama Léocadie, akimwelekeza Bénita kwa chupa yake. "Kumbe siku ya mvua alitaka kuniambia! 'Mama, inje,' alisema hivyo. Miye nikamukatisha. Masikini, haya ilimufunga kinywa."

"Ni haya," akasema Papa Namegabe, kwa huruma ya kweli. "Iko hivyo tangu mutoto. Iko na macho, hana sauti."

"Dada, ungesema tu," akasema Prodige. "Nisingekasirika."

"Haya ni ugonjwa," akasema Mama Léocadie.

"Ni ugonjwa," akakubali Papa Namegabe, "na dawa iko. Prodige amekwisha kujua sasa, viti atavichanganya inje. Juma inayokuja Bénita anaenda Kiwanja kwa shangazi yake. Safari hii si azabu, ni matunzo. Miezi sita katika soko, atarudia hapa anapiga kelele kama redio."

Wote wakamtazama kwa upendo. Mama yake akampigapiga begani. Prodige akamfungulia soda, akampa. Bénita akaishika chupa kwa mikono miwili, hakuinywa. Aliwatazama mmoja mmoja, na alipofungua kinywa hakukuwa na aliyehitaji kuinama ili amsikie.

"Papa, haikukuwa haya. Niliona tangu siku ya kwanza. Ile siku ya mvua ningeweza kumushika Mama Léocadie mukono, kumutoa inje, na nilijua rangi itageuka kule. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka Prodige aharibu, miye nibakie na meza yangu. Na ningali naitaka, Papa."